Kwaya Iliyopita kwenye Tundu la Sindano

Ipo asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naona haya. Nilikuwa fundi picha chipukizi hapa Ifakara, nimejaa majivuno. Padri aliniazima kamera yake ya sinema niipige picha kwaya ya akina mama kwenye jubilei yao. Badala ya kuitunza, nikapanda nayo baiskeli kwenda kuringa Lupiro, ng'ambo ya mto. Nikiteremka kivukoni, ikanidondoka. Lenzi ikapasuka vipande.

Nikakimbilia kwa Shangazi Felista. Alikuwa chumbani akisuka mkeka, mlango kaufunga kukwepa jua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefanya nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza na uongo niliopanga kumwambia padri: kwamba kijana mmoja pale kivukoni alitaka kunipora, tukavutana, ikaanguka.

Hakupandisha sauti. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na vijana wa kivukoni wakisakwa, atakamatwa mtoto wa nani?"

Macho yalipozoea giza, nikaona ukutani watu wanatembea miguu juu, vichwa chini, na baiskeli zimebeba magunia ya mpunga. Nikaruka! Shangazi akacheka.

"Ni barabara hiyo. Inaingia kwa katundu kale ka mlangoni. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wangu nimekataa kuuziba. Ndiyo sinema yangu."

Hapo nikaelewa kwamba kamera nayo ni chumba cha giza tu. Tundu dogo lingetosha badala ya lenzi. Lakini kwanza nilikwenda kwa padri, nikasema kweli yote, na wazo langu la tundu. Aliigeuzageuza kamera mikononi. Mwishowe akasema, "Jaribu. Ila filamu iliyobaki ni hiyo moja."

Nikakata bati la kopo la maziwa, nikalitoboa kwa ncha ya sindano, nikalifunga penye lenzi. Mwanga uliingia kidogo mno, hivyo nilipiga picha mojamoja, kila moja nikiipa muda, nao akina mama wakacheza polepole juani. "Kama mnavuka tope la jaruba la mpunga!" niliwaomba. Walinicheka, lakini walivumilia kutwa nzima.

Filamu ilipelekwa Dar kusafishwa. Iliporudi, tuliziba madirisha ya ukumbi wa parokia kwa mikeka. Projekta ikaunguruma. Picha ilikuwa na ukungu, lakini mashine ilipozikimbiza zile picha mojamoja, akina mama wale walicheza wepesi kama kumbikumbi! Vigelegele vikatikisa bati. "Yule mimi! Yule mimi!" Shangazi akapanda juu ya benchi: "Mtoto wa kaka yangu huyo!" Padri aliirudisha filamu mara tatu, na kila mara alipiga makofi kuliko wote.

Basi, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Ukiharibu, kaseme mwenyewe kabla hujasemewa. Kisha usikae kulilia kilichovunjika. Kiulize kilichobaki kinaweza nini. Ningedanganya, ningepata huruma tu. Furaha ile nisingeionja kamwe.

Mungu akujalie ulimi usioiogopa kweli na mikono isiyokata tamaa, na siku yako ya kushangiliwa ikukute umesimama wima.