Chupa ya Mkono wa Pili

"Mimi nimelea bakteria kuliko wanangu wa kuzaa! Leo kinamba kije kinifundishe kazi?"

Aliyekuwa anafoka ni Mama Wadudu, mwotesha bakteria wa maabara yetu. Anayefokewa ni wifi yake, dada wa mumewe, kajikalia mbele ya mashine mpya anapangusa miwani.

Kazi ya huyu mama ni kutia damu ya mgonjwa mahututi kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, kuiweka kwenye joto, kisha kungoja. Mdudu akiwemo ataota, na mama atakutajia jina lake, ukoo wake na dawa anayoiogopa. Ila ungoje siku mbili, tatu. Zamani madaktari walikuja wenyewe kumbembeleza, naye anaringa, anamaliza chai kwanza.

Basi Mama Wadudu mwenyewe akamwombea wifi kazi hapa maabara. Mara ikaja mashine ya kupima alama kwenye damu, protini fulani inayopanda bakteria wakivamia mwili na kushuka wakishindwa. Jibu ni namba tu, tena saa hiyo hiyo. Kapewa nani? Wifi! Tangu hapo simu ya wodi ya mahututi ikilia, anatakiwa wifi. Mama Wadudu anaidaka yeye, anajibu, "Hayupo," na wifi yuko pale pale, pua kwa pua. Wivu ule, uke wenza haufui dafu.

Sasa kuna mama mmoja fundi cherehani, yuko kwenye mashine ya kupumulia, figo zimeanza kuchoshwa na dawa kali za bakteria. Wifi kapima: alama iko chini, na inazidi kushuka. Daktari akataka kukata dawa. Asubuhi hiyo chupa ya Mama Wadudu ikachafuka. Kitu kimeota! Akarukia simu: "Daktari, usikate! Wadudu ninao hapa mkononi." Dawa zikaendelea. Ndipo akaja kumtambia wifi, wifi akawa hatishiki, na fujo ikaanza.

"Kinamba chako kinajua hata jina la mdudu?"

"Hakijui, wifi."

"Basi nyamaza!"

"Nimenyamaza. Wewe umeotesha nani?"

"Bakteria!"

"Yupi?"

"Si ndio... ndio hawa wa kwenye ngozi."

Kwenye kazi ile damu hutolewa mikono yote miwili, kila mkono na chupa yake. Mdudu wa ngozi akiota kwenye moja tu, mara nyingi ni uchafu wa pale sindano ilipopita, ugonjwa hamna. Mama Wadudu mwenyewe ndiye aliyetufundisha, tena kwa matusi.

Wifi akavaa miwani. Akauliza taratibu, bila kejeli, na hapo ndipo palipouma.

"Wifi yangu, chupa ya mkono wa pili inasemaje? Maana figo za yule mama zinatungoja sisi."

Chupa ya pili ilikuwa bado safi, na simu ilikuwa mezani, karibu na kiwiko cha Mama Wadudu. Akaitazama simu, akamtazama wifi, akavua glavu moja, akajiendea zake nje, simu kamwachia wifi apige.