Chumba cha Uani

Wifi yangu hajui kukata kitu kikamtosha mtu sawasawa. Msinielewe vibaya, ni fundi cherehani hodari, na wanawake wa mtaa wake wote wanavaa kazi ya mikono yake. Ila kila nguo anaiachia akiba ndani ya mshono, kitambaa cha kutosha kuifungua siku mwenyewe akinenepa. "Mwili wa mtu haukai mahali pamoja," husema, pini zikiwa mdomoni. Namwambia, wifi, wengine tunakonda. Ananitazama kiunoni, anaendelea kubana pini.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa lori, kwake ni kama mgeni: anakuja, anaoga, anakula, anaondoka. Kwa hiyo nyumba ile ni ya wifi. Ina chumba cha mbele, ambamo cherehani imekaa chini ya dirisha la barabarani tangu alipoolewa, kisha vyumba vya kulala vilivyojaa watoto, na nyuma kuna ua.

Mimi nilikuwa nakaa na mama ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini wahenga hawakuyaona magoti ya mama. Yalivimba yote mawili, akawa hashuki ila kubebwa kitini kupelekwa hospitali, na kila alipobebwa aliona aibu mpaka akafumba macho. Mwanamke aliyeuza nyanya sokoni maisha yake yote, aliyejua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajagombana, sasa alishinda dirishani anatazama mabati ya watu. Nikitoka kazini namkuta palepale. Iliniuma sana, na kwa kuwa iliniuma nilikuwa namfokea kila mtu.

Wifi ndiye aliyesema, "Tumjengee chumba uani kwangu. Chini, hakuna ngazi, na choo kiko jirani." Kaka alijibu kwa simu kutoka huko barabarani kwake, "Nyinyi ndio mnajua." Mama tulipomwambia aliitikia tu, "Haya wanangu." Tukaichukua hiyo haya kuwa ni furaha.

Basi mwashi akaja, akauliza vipimo. Wifi akavua utepe wake shingoni, akapima ua, akamtajia. Mwashi akajenga kama alivyoambiwa. Ukuta ulipofika kiunoni nikaenda kuangalia, nikaona umekaribia uzio wa jirani hata kuku asingepita.

"Wifi, mbona umesogea hivi?"

"Ni akiba ya mshono," akasema.

Nilidhani ni utani wetu wa mawifi. Halafu nikamwona anautazama ukuta, anautazama utepe, na uso unambadilika. Alikuwa ameongeza kila upande kwa mazoea, mkono umefanya kazi bila kichwa. Hasira zilinipanda, kicheko nacho kikanipanda, sikujua kipi kitangulie. Tulicheka mpaka mwashi akaweka mwiko chini.

Jirani hakucheka. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa maua na ndoo ya kumwagilia, salamu yake ndefu kuliko hotuba. Alikwenda halmashauri akalalamika kwamba njia ya kando ya uzio imezibwa. Akaja bwana mmoja kijana, akasema ukuta urudi ndani. Haki yake. Ukabomolewa, ukarudi ndani, wifi akisimamia na kunung'unika kama anayepunguza gauni la bibi harusi.

Tulidhani yamekwisha. Kuta zilipokwisha kupanda akaja mama mmoja kutoka ofisi ileile, akasimama mbele ya dirisha la chumba. "Dirisha la namna hii ni la mtu kulala," akasema. "Uani mnaruhusiwa stoo au karakana. Makazi hapana." Wifi akaona dawa ni kuliziba, akaliziba. Akaja wa tatu, mzee mwenye miwani, akaingia, akatoka haraka anajipepea.

"Chumba gani hiki hakina dirisha? Mtu atapumuaje?"

"Si mmesema asikae mtu," wifi akajibu.

"Asikae, ndiyo. Lakini akiingia apumue."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wifi alikunja mikono. "Nieleweshe, baba. Mama mkwe wangu akiingia humu akakaa kitini anakunja vitambaa, hii ni karakana?"

"Ndiyo."

"Akijinyoosha kitandani?"

"Hapo ni makazi."

"Na akisinzia palepale kitini?"

Yule mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Hilo nitauliza," akasema, na nadhani alikuwa mkweli kabisa.

Mimi damu ilinichemka. Nikasema mchawi wetu ni mmoja, Mwalimu, na nikaenda kumpa vidonge vyake. Alinikuta mlangoni na ndoo yake. "Binti yangu," akasema, "mimi nililalamikia njia tu. Hayo ya dirisha siyajui, na yamenisikitisha. Mama hajambo lakini?" Akaniuliza magoti ya mama, dawa zake, usingizi wake. Nilikwenda na matusi, nikarudi na mche wa waridi kwenye kopo. Wifi aliponiuliza umemwambia nini, nikamwonyesha kopo.

Ikawa hivyo. Ziba, zibua, subiri mtu wa ofisi, huyu hivi, yule vile. Mwashi akapata kazi kwingine. Chumba kimesimama bila jina, si stoo, si nyumba, na mama yuko juu anatazama mabati.

Jioni moja narudi kutoka kazini, nikamkuta mama kwenye ngazi. Ameketi pale kona kati ya ghorofa, kanga imemteleza begani, mikono miwili imeshika chuma cha ngazi. Alikuwa ameanza kushuka mwenyewe, magoti yakagoma, akawa hawezi kwenda chini wala kurudi juu. Watu wamepita wakamwamkia, naye kawajibu kama mtu aliyekaa tu kupunga upepo.

Nilimfokea. Nilikuwa naogopa, ndiyo maana nilifoka. "Mama, unataka kuniua? Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kukiangalia hicho chumba," akasema. "Kila siku mnakigombania. Nikasema nikakione."

Majirani walimteremsha. Tulipofika chini, mama alikuwa bado amefumba macho, na sikuwa na moyo wa kumwambia mtu yeyote ambebe tena kumpandisha. Nikasimamisha teksi, tukaenda kwa wifi. Chumba cha uani hakina mlango, hakina ruhusa, kimejaa vumbi la saruji. Wifi hakupoteza neno. Alisukuma cherehani, akasukuma meza ya kukatia, akatandika godoro chumba cha mbele, chini ya lile dirisha la barabarani. "Kwa muda tu, mama," akamwambia. "Mpaka tukamilishe."

Asubuhi wateja wakaja kama kawaida. Wakamkuta mama ameegemea mto, dirisha wazi. Yule wa sketi akakaa. Yule wa sare za watoto akakaa. Kabla jua halijapanda vizuri mama alikuwa anajua nani kaposwa na nani kakimbia mkopo, na sauti yake ya sokoni, ambayo sikuisikia siku nyingi, ilikuwa inafika mpaka kwenye kona ya mtaa. Cherehani ikapelekwa kile chumba cha uani, kwa muda. Yule mzee wa miwani akaja, akaikuta, dirisha limezibuliwa, wifi anashona. Akasema sasa hiyo ndiyo karakana, akaaga.

Wifi hakuridhika. Alitaka kukata rufaa ili mama apate chumba chake. Siku moja tukamtia mama kitini, tukampeleka uani akione. Alikaa mlangoni, akatazama ndani. Ukuta. Nje ya dirisha, uzio. Juu ya uzio, kipande cha bati.

"Hapa mtaweka vitambaa," akasema.

"Hapana, mama," wifi akasema taratibu. "Hapa palikuwa pako. Tulikujengea wewe, si tulikwambia."

Mama akajifunga kanga vizuri. "Mimi nilidhani mnajenga stoo," akasema. "Nirudisheni mbele, wanangu."

Hatukutazamana, wifi na mimi. Chumba cha mbele kilikuwepo siku zote, chini, dirisha barabarani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukitaja, kwa sababu cherehani ilikuwa pale. Wala hatukumuuliza mwenyewe. Wifi alilia usiku ule, nami nikalia naye, na mpaka leo sijui tulimlilia nani.

Sasa Mwalimu hupita kila asubuhi na ndoo yake, anasimama dirishani, salamu zao zinachukua nusu saa. Mama anasema mtaa huu una jirani mwema. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyetushtaki. Kuna siku nataka kumwambia mama, na kuna siku nataka kwenda kumshukuru Mwalimu kwa kutushtaki, na siku zote mbili naishia kumwagilia ule mche.