Kondoo wa Mgeni

Sikusoma sana, lakini majina sisahau. Kila kondoo aliyekufa mwaka ule wa mvua kubwa namjua kwa jina lake.

Mabwawa yalijaa huku Ijara, mbu wakawa kama moshi, kondoo wakaanza kutupa mimba. Ndipo akaja daktari wa virusi vinavyoletwa na mbu, msichana mwembamba kutoka Nairobi. Alitundika mitego yake ya mbu kwenye miti, akawatoa kondoo damu na kuitia kwenye vichupa. Akasema majibu yatatoka Nairobi, tungoje. Hakutukataza kuchinja, hakuwa na hakika bado.

Sasa mgeni ameshinda juani na mifugo yetu. Atalalaje bila nyama? Nilimwambia mwanangu wa pili achinje jike mmoja aliyenona. Jike yule alikuwa ametupa mimba juzi yake. Wallahi, nilijua. Nikaona hana mtoto wa kunyonyesha, basi huyo ndiye wa mgeni. Daktari alikuwa kwenye mitego. Aliporudi, nyama ilikuwa chunguni. Mwanangu alichinja na kuchuna peke yake, damu mpaka kwenye viwiko.

Siku ya nne akashikwa na homa. Siku ya nane damu ikamtoka puani na kwenye fizi, haikukatika. Tukamzika.

Majibu yalifika siku nyingi baadaye. Daktari aliyaleta mwenyewe, akaketi mkekani kwangu akalia. Alisema ile damu ilikaa kwenye foleni Nairobi, na angejua mapema angetukataza kuchinja. Nilimpa maji. Habari za jike yule sikumwambia.

Tangu hapo kazi yake yote imekuwa kupunguza kungoja huko. Ameota mvi kwa kazi hiyo. Mwaka jana alileta mashine ndogo kama redio. Alitoa damu ya kondoo asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa na majibu. Aliniita nitazame. Nikasema mashallah, nikageuza uso.

Kisha akafungua daftari lake la zamani.

"Ayeyo," akasema, maana siku hizi mimi ni nyanya yake, "jike mmoja niliyemtoa damu siku ile ya kwanza alikuwa na virusi. Sikumwona tena. Alikuwa yupi?"

Jina lilikuwa mdomoni.

"Nimesahau," nikamwambia.

Alinitazama. Ananijua, majina sisahau. Akafunga daftari bila kuandika. Akija sasa hunywa chai ya rangi tu. Nyama yangu haigusi, nami simkaribishi mara ya pili.