Joto Lililofungiwa Nje

Katika mtaa mzima wa Katuba hakuna aliyeiogopa baridi ya mwezi wa sita mwaka huu kama Mama Mujinga. Si kwa ajili yake mwenyewe. Yeye na mifupa yake walishazoeana. Ni kwa ajili ya Abigaël, mjukuu wake aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo hata ukimbeba unaangalia tena kama bado uko naye. Muuguzi alipowaruhusu warudi nyumbani, aliwakanya Mujinga na binti yake Tracy, mama wa mtoto, mambo mawili tu: chumba kisipoe, na moshi usiingie.

Basi mbabula, jiko la mkaa, ikawa haramu, mbabula ileile iliyowakuza watoto wake wote! Lakini mwaka jana, barabara ya pili, mume na mke waliingiza makala, mkaa wenye moto, chumbani, wakafunga dirisha, wasiamke tena. Mujinga alisaidia kumwosha yule mama. Ule uso haujamtoka.

Mdogo wake Godefroid, fundi wa frigo, akamwekea klimatizeri, mashine ya hewa baridi inayogeuzwa kuleta joto, boksi moja ndani na lingine nje lenye feni. Alimweleza kwamba mashine hii haipiki joto kama hita ya waya. Inalichota nje na kuliingiza ndani, ndiyo maana umeme inaoula ni kama theluthi tu ya ule wa hita. Mujinga akamcheka. Joto gani la kuchota nje, na asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni?

"Yaya, hata inje kukiwa baridi, joto iko," Godefroid alimwambia dada yake mkubwa. "Mashine njo inajua kuitafuta."

Na kweli, chumba kilipata joto, na salio la umeme kwenye mita lilishuka polepole. Godefroid akaenda zake mpakani, Kasumbalesa, kwa kazi.

Kisha wezi wa shaba wakang'oa mashine ya nje ya jirani. Mujinga hakupata usingizi. Akamwita Osée, mchomeleaji, naye akalijengea boksi la nje kibanda cha mabati, pande zote, juu hadi chini, na kufuli. Kazi safi, hata panya asingepita. Kwa kuwa nafasi ilibaki, Mujinga akaweka humo na gunia la akiba la makala ya kupikia.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Mita ikawa inashuka mbiombio kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na chumba kinapoa. Mujinga alimlaumu Godefroid kwa kumletea chuma kilichochoka. Alimpigia simu, haipatikani. Asubuhi ile aliweka kiganja kwenye miguu ya Abigaël, akaikuta ya baridi, na mtoto halii. Mtoto asiyelia anatisha kuliko anayelia. Tracy akamfunga kifuani mwake, ngozi kwa ngozi.

Mujinga alijua la kufanya, na alilichukia. Mbabula, kidogo tu, dirisha likiwa wazi kidogo. Uso wa yule mama ukamjia. Akachukua beseni na funguo, akaenda kuchota makala.

Alipofungua kibanda, baridi ilimpiga usoni. Humo ndani kulikuwa kama ndani ya frigo ya wauza samaki. Boksi limevaa barafu nyeupe, feni inahangaika, inavuta baridi ileile iliyoitoa yenyewe. Nje, mgongoni mwake, jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

"Mungu wangu," alisema. "Ni miye njo niliifungia joto inje."

Hakungoja Osée. Alivunja bati kwa nyundo, moja baada ya lingine, hata majirani wakachungulia. Barafu ikaanza kudondoka. Kabla ya saa sita hewa ya moto ilikuwa inashuka juu ya kitanda, na Abigaël akalia kwa hasira, na Mujinga akalia pamoja naye.

Jioni ilipoingia, boksi lilikuwa wazi kwa kila jicho la barabarani. Tracy akauliza watawazuiaje wezi. Mujinga alikuwa ameshaburuta gunia la makala hadi pale ukutani, akalikalia, akajifunga kitenge cha pili.

"Bakuye," alisema. "Batanikuta hapa hapa."