Samaki Ambao Sikuwaona

Mpaka leo mtu akinitajia visiwa vya Karibi kwa ile sauti ya kutamani, nafura. Namwacha amalize habari za mchanga mweupe na maji ya buluu, halafu namwambia, nimefika huko. Anashtuka. Anataka nimsimulie. Nami sina cha kusimulia isipokuwa hasira, kwa sababu siku zote nilizokaa kule, mtu niliyemtaka alikuwa Kigali, juu ya kilima cha Rebero, ndani ya chumba chenye pazia lililoshushwa. Alikuwa mdogo wangu, bibi harusi, ananingoja mimi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Nilikuwa yaya kwa Wazungu wawili pale mtaa wa Kiyovu. Musyo, tulivyozoea kumwita, alikuwa injinia wa barabara. Madamu alikuwa mke wake, mwanamke mwenye maneno matamu na ahadi nyingi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, mnene, mzuri, asiyekubali kulala mikononi mwa mtu mwingine ila mimi. Huyo mtoto ndiye aliyeniponza, na wala simlaumu.

Kwetu bibi harusi haolewi leo kesho akaonekana sokoni. Akishafikishwa kwa mume anakaa ndani. Hapiki, hafagii, hatoki nje watu wakamwona. Anangoja wanawake wa kwao waje na vyakula na maziwa, wamkate nywele kidogo, wamtoe nje, aanze kushika kazi za nyumba yake. Wanyarwanda wanaita gutwikurura, yaani kumfunua. Sisi Waislamu wa Gitega, mtaa wa humo humo Kigali, tulifungishwa ndoa na shehe, lakini hilo la kufunuliwa hatukuliacha. Mwenye kukata nywele ni shangazi. Sasa baba yetu alikwisha kufa, na dada yake pekee alikuwa Bujumbura, macho hayaoni na miguu haimtii. Wazee wakakaa, wakasema kazi hiyo nitaifanya mimi, binti mkubwa wa baba. Nilijisikia mtu siku ile. Mkasi nilinunua mpya.

Ndipo Madamu akaja na safari yake. Wanakwenda Martiniki, kisiwa cha huko Karibi, kuzamia baharini, kuangalia samaki na matumbawe, na bila mimi mtoto hatulii. Nikamwambia siwezi, nina mdogo wangu anaolewa. Akanishika mikono yote miwili.

"Lakini tunaondoka baada ya harusi! Wiki mbili tu, nakuapia. Na wewe utavaa miwani ya maji, utawaona samaki. Mimi mwenyewe nitakufundisha."

Nikaenda kumuuliza mdogo wangu. Tulikuwa tunamsuka, amekaa chini kati ya magoti yangu, akacheka.

"Nenda, Dada. Wiki mbili si kitu, nitanenepa humo ndani. Ila nakuambia, mtu asiniguse nywele mpaka wewe uje."

"Mama mkwe akichoka kungoja?"

"Achoke. Mimi siyo wa kufunuliwa na mtu yeyote tu."

Alikuwa mkaidi tangu utotoni, na akisema neno lake basi limekwisha. Nikakubali.

Kabla ya safari Wazungu wangu walifanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli moja pale mjini, na mimi nilikaa ukingoni na mtoto na taulo. Musyo alivaa viatu vya mpira vipana, akawa anatembea kinyumenyume kando ya bwawa ili asijikwae, mrija mdomoni, miwani imembana pua. Wahudumu walikuwa wanageukia ukutani kucheka. Mimi pia nilicheka, kwa nini niseme uongo. Lakini nikirudi Gitega jioni roho ilinichafuka. Kaskazini kulikuwa na vita, nje kidogo ya mji watu waliokimbia mashamba yao walikuwa wanalala chini ya plastiki na mvua inawapiga, na huku watu wazima wawili wanajifunza kupumua ndani ya maji ili wakatazame samaki. Mama aliniambia nisijali, kila mtu na mambo yake.

Harusi ilifanyika, ikapendeza. Madamu na Musyo walikuja, wakakaa kwenye viti vya mbele, wakala wali kwa kijiko, wakapiga makofi kila mara hata pasipotakiwa. Tulipiga picha nyingi. Siku chache baadaye tukapanda ndege, tukapita Paris, tukafika kisiwani.

Sasa nitakueleza nilivyokiona kisiwa hicho. Nilikiona kutoka chini ya mwavuli. Kila asubuhi boti ilikuja na mwalimu wa kuzamia, wakapanda na mitungi yao ya hewa, wakaenda mpaka boti ikawa nukta. Mimi nikabaki mchangani na mtoto, namfukuzia nzi, namtoa mchanga mdomoni. Saa sita wanarudi, macho yana alama nyekundu za miwani, maneno yamewajaa. Kuna samaki wa manjano mwenye mistari! Kuna kasa! Kuna samaki anayejipuliza tumbo! Wanasema wote wawili pamoja, wananionyesha kwa mikono ukubwa wake. Nikauliza, "Na mimi lini, Madamu?"

"Kesho," anasema. "Kesho nitakaa na mtoto, utakwenda wewe."

Kesho ikifika mwalimu amesema bahari imetulia vizuri mno, ni dhambi kuikosa. Kesho nyingine Madamu amechoka. Basi nikaacha kuuliza. Ebo, mimi si ombaomba. Nilihesabu tu siku za kurudi, na mkasi wangu ulikuwa ndani ya begi, umefungwa kwenye kitambaa.

Usiku wa mwisho, tukiwa mezani, nguo nimeshazipanga, Musyo akasafisha koo. Kumbe kuna meli iliyozama zamani, iko chini kabisa, samaki wamejenga humo. Mwalimu hawezi kuwapeleka mpaka wamalize masomo fulani. Kwa hiyo wamebadilisha tiketi. Wiki moja zaidi.

Nilifikiri sijasikia vizuri. "Tiketi gani? Na yangu?"

"Na yako pia, bila shaka," alisema Musyo, akitabasamu, kama vile amenipa zawadi.

"Madamu," nikasema, "mdogo wangu yuko ndani. Ananingoja."

Akanitazama kwa upole ule wake. "Lakini mdogo wako ameshaolewa. Tulikuwepo. Tulikula wali."

"Ameolewa, lakini hajafunuliwa. Nilikueleza. Hawezi kutoka nje."

"Amefungiwa?" Sasa akashtuka kweli, mkono kifuani. "Kuna mtu amemfungia mlango?"

"Hapana, mlango uko wazi."

"Basi si atoke tu!"

Atoke tu! Wallahi nilisimama na sahani mkononi nikakosa pa kuiweka. Nimemlea mtoto wako, nimemfundisha kutembea, harusi umekuja ukapiga makofi, kumbe kichwani mwako umeona sherehe ya nguo za rangi na wali, basi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa Kifaransa changu kibovu, na sauti ilipanda mpaka mama mpishi wa nyumba ya wageni tuliyofikia akachungulia kutoka jikoni. Musyo alisema nimechoka kwa jua. Jua! Mimi niliyezaliwa Gitega, nichoshwe na jua la mwavuli! Nikamwambia sijachoka na jua, nimechoka na yeye. Mtoto akaanza kulia, na kama kawaida nikambeba mimi.

Kesho yake mama mpishi alinipeleka kwenye simu. Nyumbani hatukuwa na simu, tulitumia ya duka la dawa lililokuwa jirani. Wakaenda kumwita Mama, nikasikia kandambili zake zinakuja mbio.

"Uko uwanja wa ndege?" alisema kabla hata ya salamu.

"Bado, Mama. Wameongeza wiki."

"Yewe! Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Ni samaki."

"Samaki wamefanya nini?"

"Wanawaangalia. Wanaingia chini ya maji kuwaangalia."

"Halafu wanawala?"

"Hawawali, Mama. Wanawaangalia tu, wanapanda juu."

"Mana yangu, Mungu wangu," alisema Mama, taratibu kabisa. Halafu akanipa habari za Rebero. Mama mkwe ameanza kununa, majirani wanauliza bibi harusi huyu ana nini hafunuliwi, kwao hawamtaki? Mama alikwenda kumbembeleza mdogo wangu akubali jirani yetu amkate nywele. Amekataa. Amesema yuko palepale, hatoki mpaka dada yake arudi. "Njoo mwanangu," Mama alisema, na simu ikakatika.

Wiki ile nililala na hasira na kuamka na hasira. Meli yao waliiona. Walirudi wamekumbatiana, Madamu analia kwa uzuri waliouona. Siku ya kuondoka, asubuhi, alikumbuka ahadi, akaniletea miwani na mrija mpaka chini ya mwavuli.

"Sasa hivi! Kimbia, nitamshika mtoto!"

Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, ameshika shingo yangu. Madamu alijaribu kumchukua, mtoto akapiga kelele, akanishika zaidi. "Basi, mara nyingine," alisema Madamu, akaondoka na miwani yake.

Tulipotua Kanombe sikupita Gitega wala Kiyovu. Begi mkononi, nikaenda moja kwa moja Rebero. Nilipanda kile kilima najipangia nitakavyoingia, nitakavyopiga vigelegele peke yangu hata kama hakuna wa kuitikia. Nikafika uani kwa mume wake. Mdogo wangu alikuwa nje. Amejifunga kitenge, mikono ina masizi, anasugua sufuria kwa majivu.

Nilisimama. Akainua uso, akaniona.

"Umechelewa, Dada," alisema. "Nimetoka juzijuzi tu."

Mama mkwe alikuwa kibarazani, amejifunika shuka, amekonda. Mdogo wangu akanisimulia huku akiendelea kusugua. Homa ilimpanda yule mama mchana, mume yuko kazini, nyumbani wako wawili tu, mmoja kitandani na mwingine bibi harusi. Alimwita, haitiki. Akamtikisa, macho yamegeuka. Basi akatoka. Peku, bila kilemba, na hina mikononi, akashuka kilima anapiga mayowe mpaka akapata gari la kumpeleka hospitali. Mtaa mzima ukamwona. Mama mkwe akapona, wakarudi, na hapakuwa tena na wa kufunuliwa.

"Sasa wananiita bibi harusi aliyejitoa," alisema. "Watoto wananiimbia."

Nikatoa mkasi kwenye begi. Sijui nilifikiri nini. Nikamwambia, "Kaa chini nikukate, hata sasa."

"Nywele gani tena? Nimeshazoa majivu, nimeshapika, nimeshakwenda sokoni. Siku yenyewe imepita, Dada." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Halafu akakaa kando yangu, akafuta mikono, akanisukuma kwa bega. "Haya, niambie. Hao samaki wana nini cha kunikalisha ndani hivyo? Wakoje?"

Nikaugeuzageuza mkasi mikononi.

"Sikuwaona," nikasema.

"Hukuwaona?"

"Nilikuwa na mtoto."

Akanikodolea macho. Nikadhani atalia, lakini akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, mama mkwe naye kule kibarazani akaanza, na mimi nilibaki nimenuna katikati yao na mkasi wangu mpya. Mpaka leo nakisikia kicheko kile, na mpaka leo sioni kilichochekesha.

Niliporudi kazini nilimweleza Madamu yote. Alisikitika, sitasema hakusikitika. Siku kadhaa baadaye akanipa kitu kimefungwa kwa karatasi ya zawadi, akasema ni cha mdogo wangu, kwa ajili ya harusi. Nikafungua mbele yake. Ilikuwa picha aliyoipiga Musyo chini ya maji, kubwa, ndani ya fremu na kioo. Samaki wa manjano wenye mistari, kundi zima, wanakutazama.

"Wapeleke kwa bibi harusi," alisema Madamu. "Ili ajue uzuri uliotuchelewesha."

Yarabi, nilitaka kumvunjia kioo kichwani. Niliipeleka Rebero kwa sababu ilikuwa yake. Mdogo wangu akaitazama, akasema, "Ndio hawa?" Akawatishia kidole. Akasema hatawalaza nyumbani kwake, niwapeleke Gitega wakae na Mama. Mama akawatundika sebuleni, karibu na picha za harusi.

Aprili iliyofuata, ile ya mauaji, ilimchukua mdogo wangu. Ilimchukua na mume wake, na yule mama mkwe ambaye yeye mwenyewe alimwokoa na homa, na Mama. Wazungu wangu waliondoka siku za mwanzo, na mtoto wao, na ndivyo ilivyotakiwa. Mimi nilipona, na jinsi nilivyopona si habari ya hapa.

Niliporudi Gitega nyumba ilikuwa imekombwa. Vitanda, milango, mabati ya jikoni, hata nguo kuukuu za Mama. Picha za harusi walizichukua pamoja na fremu zake, au walizichoma, sijui. Ukutani ilibaki moja, kioo kimepasuka kona. Hakuna mtu aliyewataka wale samaki.

Nimewatundika tena, hapa Kibagabaga ninapokaa sasa, kwa kuwa ni kitu pekee cha nyumbani kwetu kilichobaki. Mgeni akiingia huwaona wao kwanza. Anasema, kumbe ulisafiri! Namjibu ndiyo. Samaki hao nawajua mstari kwa mstari, macho yao, mapezi yao. Na mtu akiniuliza mdogo wangu alikuwaje, inabidi nimweleze kwa maneno.