Wakili Aliyeuliza Sana

Sijawahi kuwapenda watu wanaouliza maswali huku kalamu iko mkononi. Ni kasoro ya ajabu kwa mwalimu, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini ndivyo nilivyo. Kwa hiyo siku nilipokwenda kumtafutia mama yangu mtu wa kumtengenezea karatasi za parseli, yaani kiwanja, nilimchukia yule wakili kabla sijakalia kiti chake.

Mama alikuwa akikaa kwangu Nyamianda, hapa Uvira, tangu ziwa lilipopanda na kuichukua nyumba yake ya Kalundu. Maji hayakuja kwa kishindo. Yaliingia uani, yakaingia jikoni, yakakaa. Tulipomhamisha tulidhani ni kwa miezi michache, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Alilala sebuleni. Alisali kwa sauti kabla jogoo hajawika, alihamisha sufuria zangu, aliwafundisha watoto wangu kulalamika kwamba mboga haina chumvi. Mume wangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinichosha kuliko kama angesema. Nilimpenda mama. Pia nilitaka sebule yangu. Yote mawili ni kweli, na sitajifanya kwamba moja lilikuwa kubwa kuliko lingine.

Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: afie kwenye nyumba iliyo yake. Alikuwa ameuza ndagala, dagaa wa ziwani, huko Kalundu tangu ujana, na alichobakiza kilitosha kununua kiwanja kidogo chenye vyumba viwili vya matofali mabichi, upande wa mlimani, mbali na maji. Muuzaji alikuwa mwanamume anayesali naye kanisa moja, aliyeachiwa parseli hiyo na baba yake. Bei ilikubalika. Kilichobaki ni kuchagua mtu wa karatasi.

Hapa kwetu mlango ni mmoja kati ya miwili. Kuna wakili, ambaye ana ofisi na vitabu. Na kuna komisionere, yaani dalali, ambaye ofisi yake ni benchi nje ya ofisi ya kartie, ile ya serikali ya mtaa, na vitabu vyake viko kichwani. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nilianza na wakili. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya goti.

Wakili alikuwa mwanamke wa rika langu. Aliniuliza baba wa muuzaji alifariki lini, alioa wake wangapi, alizaa watoto wangapi, na nani kati yao bado yu hai. Kila jibu aliliandika kwenye daftari. Kisha akainua macho.

"Muko hakika huyu baba hakuacha mutoto mwingine, ata inje ya Uvira?"

Nikasema hakuna.

Nilikuwa najua. Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Sange, aliwahi kuniambia tukisubiri mvua ikatike kwamba yule mzee alikuwa na mke wa kwanza kulekule Sange, na kwamba binti yao yuko, analima mpunga. Nilijiambia kuwa hayo ni maneno ya watu. Nilijiambia pia kwamba ni mtoto wa kike, ameolewa, ana kwake, atataka nini. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi niliye mtoto wa kike.

Wakili hakuridhika na jibu langu. Alisema atakwenda mwenyewe kuuliza kwa ukoo na kwa majirani, kisha apite ofisi ya ardhi, na kwamba tumpe miezi miwili. Nilihesabu miezi miwili mingine bila sebule yangu. Nilimshukuru, nikatoka, na njiani nikaanza kutengeneza maneno ya kumwambia mama.

Nilimwambia kwamba yule wakili ana dharau, kwamba anamchunguza ndugu wa kanisani kana kwamba ni mwizi wa mbuzi. Mama alikasirika, kama nilivyojua atakasirika. Alisema mtu aliyembebea vyombo vyake siku tulipomhamisha hawezi kuulizwa idadi ya wake za baba yake. Wakili akaachwa. Mama aliamini ameamua yeye, nami nikamwachia aamini hivyo.

Komisionere hakuuliza kitu. Aliandika karatasi asubuhi moja, kwa Kifaransa kilichonyooka, akaweka sahihi iliyokula robo ya ukurasa. Watu wote walituambia tumechagua vizuri. Alikuwa mcheshi, alimwita mama "mama yangu," na mama akatembea siku mbili nzima akimsifu.

Kisha kikaja kinywaji. Karatasi ni karatasi, lakini kwetu kinachofunga uuzaji ni kinywaji. Mnunuzi hukileta, familia ya muuzaji, majirani na shefu wa avenyi, kiongozi wa barabara ile, hukaa wakanywa pamoja, na aliyekunywa hawezi kusema kesho kwamba hakuona. Mama alileta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na soda kwa waliookoka. Alimimina mwenyewe, akasimama mbele ya kila mmoja hadi ameze. Wa mwisho alipomeza, mama alinigeukia akasema sasa ni yake. Sijamwona na uso ule tena.

Alikaa kule miezi saba. Alisiliba kuta, akapanda mboga za lengalenga, akagombana na jirani kuhusu kuku, akafurahi. Mimi nilirudisha meza yangu sebuleni. Nilipomtembelea alinipokea kama mgeni, akaniwekea kiti, na hilo lilimpendeza kuliko mboga niliyomletea.

Dada wa Sange, yule binti wa mke wa kwanza, alikuja siku ya soko, na baba yake mdogo nyuma yake. Hakupiga kelele. Alikubali kiti, akakubali maji, akamuuliza mama habari za goti, maana aliliona linavyomsumbua. Mimi nilikuwepo. Nilijua ni nani kabla hajafungua kinywa.

"Mama, sikukuya kugombana na weye," alisema. "Lakini hii parseli ni ya baba yetu. Na miye sikukunywa. Muntu mwenye hakukunywa hakuuzisha."

Hiyo ndiyo sheria ambayo mama mwenyewe aliiegemea. Shefu wa avenyi, aliyekunywa kuliko wote, alisema dada ana haki, na parseli irudi kwao. Muuzaji alikuwa ameshapanda boti kwenda Kalemie na simu yake haikupatikana. Komisionere tulimkuta palepale kwenye benchi. Alisema kazi yake ni kuandika anachoambiwa, na hakuna aliyemwambia habari za Sange. Alisikitika kweli, nadhani. Alimpa mama nafasi ya kukaa.

Tukaenda kwa wakili, safari hii na mama. Alitusikiliza hadi mwisho. Alisema kesi inaweza kufunguliwa, itakula miaka, na mwisho wake jaji ataomba sahihi ya yule dada, na sahihi hiyo haipo. Hakutaka kuchukua kitu chetu kwa kazi ya namna hiyo. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mimi yangu yalikuwa yameketi pembeni yangu na mtandio wa kanisani kichwani.

Mama alimuuliza, kwa upole, mtu wa karatasi angewezaje kujua jambo ambalo watu wa kanisa moja hawakulijua.

Wakili alilivuta daftari lake, akafunua nyuma, akasoma kimya. Nilitaka afunge. "Niliuliza, mama," akasema. "Na waliniambia hakuna mutoto mwingine." Hakunitazama. Hakuhitaji, kwani ni mimi peke yangu niliyekuja siku ile.

Tulitoka. Mama aliushika mkono wangu kwa ajili ya mteremko, kama kawaida, na tulikwenda hivyo mpaka barabarani.

"Ulijua," akasema.

"Ndiyo, mama."

Alitembea kidogo, akapumzisha goti.

"Kama nilikuchokesha, ungeniambia tu. Ningevumilia kuambiwa."

Pikipiki ilisimama mbele yetu, dereva akauliza tunakwenda wapi, na ilinibidi nimtajie kwangu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.