Mhuri Wenye Mafuta ya Nyama

Kule kwetu Ngoliba walisema sitamaliza hata mwaka wa kwanza India. Eti ningerudi na suti ya mtumba na Kiingereza cha puani. Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya tisini na diploma ya ujenzi, ya kwanza katika ukoo wetu, na mpaka leo imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Sioni haya. Niliisotea.

Nauli na karo zilitokana na mikopo ya jamaa. Aliyenikopesha zaidi ni mjomba wangu, aliyeuza ng'ombe. Huyo huyo ndiye aliyenipa kazi ya kusimamia gorofa yake ya kupangisha pale Ruiru. Mafundi hawakugusa kitu bila neno langu, na nilipenda hivyo.

Siku ya kumwaga slabu ya kwanza, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya juu, tulichinja mbuzi, kama ilivyo desturi. Injinia, mwenye digrii na mhuri wa kuidhinisha kazi, alikuja, akala mguu mzima, akaondoka bila kupanda ngazi kuangalia vyuma.

Slabu mbichi hushikiliwa kwa chini na miti ya mkaratusi mpaka simiti ikomae. Miti yetu ilikuwa ya kukodi. Kabla hata ya wiki mbili kwisha, mjomba aliitaka kwenye jengo lake lingine kule Juja, ambako wanafunzi walikuwa wakitafuta vyumba. Na chini ya slabu hiyo, katikati ya miti, mama mmoja alikuwa akiwapikia mafundi chai na githeri. Mjomba alishampangisha nafasi hiyo kabla nyumba haijapata mlango.

Nilikataa kutoa miti. Mimi na mjomba tukaenda Thika kumwona injinia, tukamkuta mbele ya ubao wa nyama choma.

"Slabu iko aje?" akaniuliza.

"Bado changa. Njoo uione."

"Nikuje kuona simiti? Simiti ni simiti."

Alitoa mhuri kwenye koti, akaugonga kwenye karatasi ya ruhusa. Kidole chake kikaacha doa la mafuta kando ya jina lake. Miaka yote ile ya chuo kikuu, halafu unaiuza kwa mbavu za mbuzi.

Mjomba akanigeukia. "Injinia amesema. Ama siku hizi diploma ni kubwa kuliko digrii?"

"Na huyo mama wa chai akiangukiwa?"

"Ulienda India na ng'ombe wangu. Kesho toa miti."

Asubuhi nilimsaidia yule mama kuhamishia jiko na sufuria kando ya barabara.

"Mjomba wako atanirudishia kodi yangu?" akauliza.

Nilimwambia sijui, lakini ahame. Kisha nikawaambia mafundi sitatoa amri hiyo, nikaenda zangu bila mshahara. Mjomba alileta watu wa Juja, wakaigonga miti ikatoka. Pande la simiti lilianguka pale pale jiko lilipokuwa, na slabu ikashuka katikati kama tumbo la mlevi. Hapo ndipo injinia alipofika. Aliagiza nyufa zizibwe kwa plasta, akagonga mhuri tena, jengo likamalizwa, wapangaji wakaingia. Nilipokwenda kushtaki, karani wa baraza la mji aliniuliza kama nami nina mhuri.

Nikaanza kazi yangu mwenyewe. Nilijenga nyumba na matangi ya maji Thika mpaka Gatuanyaga, na hakuna hata moja iliyopata ufa, nenda uulize. Nililipa jamaa mmoja mmoja. Mjomba nilimlipa wa mwisho, nyumbani kwake, mbele ya mkewe.

"Sasa hatudaiani," nikasema.

Akatia pesa mfukoni bila kuhesabu. "Vizuri. Kuna gorofa nataka kuanza hapa Thika. Utanisimamia?"

"Na miti?"

"Ya kukodi. Lakini injinia yuko."

Nilimaliza chai, nikamshukuru mkewe, nikatoka. Mjomba aliniita mara mbili kutoka mlangoni, lakini safari hii hakuwa na ng'ombe wa kunitajia.